Bahari Haina Mita, Umeme Unayo: Hesabu ya Kuondoa Chumvi Kwenye Maji ya Bahari

Kila kiangazi kinapokaza Pwani, swali moja hurudi barazani, sokoni na kwenye mikutano ya wadi: inakuwaje mji uliozungukwa na bahari unanunua maji kwa mtungi? Mombasa ni kisiwa. Lamu, Pate na Wasini ni visiwa. Maji yako mbele ya macho, na mitambo ya kuyatoa chumvi imekuwepo duniani kwa miongo mingi. Mbona basi mkokoteni wa maji ungali unapita mitaani?

Jibu ambalo wengi hupewa ni kwamba maji hayo ni ghali. Si uongo, lakini halitoshi. Ni ghali kuliko nini? Ni ghali kwa nani? Mwenye mfereji nyumbani na mama anayenunua mitungi mitano kila siku hawalipi bei moja, na hesabu inayomuumiza mmoja huenda ikamfaa mwingine.

Suala hili linamhusu mkazi moja kwa moja. Kifungu cha 43 cha Katiba ya 2010 kinampa kila mtu haki ya kupata maji safi na salama ya kutosha, na Jedwali la Nne linazipa kaunti jukumu la huduma za maji na usafi. Mradi mkubwa wa kuondoa chumvi ukiletwa, wakazi wataitwa kutoa maoni, na mkataba wake unaweza kudumu miaka 25 au zaidi. Ni vyema hesabu ieleweke kabla ya siku hiyo kufika.

Katika makala haya, bei ya umeme inachukuliwa kuwa Sh20 kwa uniti, na dola moja ya Marekani kuwa Sh130. Hizo ni takwimu za mfano za kurahisisha hesabu, si bei rasmi. Msomaji anaweza kuweka nambari zake na kupiga hesabu upya.

Chumvi hutolewaje?

Lita moja ya maji ya bahari ina takriban gramu 35 za chumvi. Maji ambayo mtu anaweza kuyanywa bila kukunja uso huwa na chini ya gramu 1 kwa lita. Kazi ya mtambo ni kuondoa tofauti hiyo.

Njia ya zamani ni kuchemsha maji na kukusanya mvuke. Nchi za Ghuba ziliitumia kwa miaka mingi, hasa kando ya vituo vya umeme ambako joto lilikuwepo tayari. Njia inayotumika zaidi leo ni ya utando. Mwishoni mwa miaka ya 1950, watafiti wawili wa Chuo Kikuu cha California mjini Los Angeles, Sidney Loeb na Srinivasa Sourirajan, walitengeneza utando uliopitisha maji kwa kasi ya kutosha huku ukiizuia chumvi. Mwaka 1965 mji mdogo wa Coalinga, California, ulianza kupata maji ya kunywa kwa njia hiyo, ingawa yalikuwa ya kisima chenye chumvi, si ya bahari.

Kanuni yake iko jikoni. Embe mbichi ikikatwa vipande na kunyunyizwa chumvi, baada ya muda hutoa maji. Maji ya ndani ya embe yamevuka ngozi laini ya chembechembe zake kuelekea kwenye chumvi. Ndivyo maji yalivyo: yakiwekewa utando katikati, hutoka upande usio na chumvi nyingi kwenda upande wenye chumvi nyingi. Mtambo hulazimisha safari hiyo iende kinyume. Pampu husukuma maji ya bahari dhidi ya utando kwa nguvu kubwa, kwa kawaida kati ya baa 55 na 70. Tairi la gari dogo huwa na takriban baa 2, kwa hiyo shinikizo hilo ni karibu mara 30 ya lile la tairi.

Kati ya lita 100 za maji ya bahari yanayoingia, lita 40 hadi 50 hutoka zikiwa za kunywa. Zilizobaki hurudishwa baharini zikiwa zimebeba karibu chumvi yote.

Bili ya umeme

Maji ya bahari hayalipiwi yanapovutwa. Gharama huanza pampu inapowashwa.

Mtambo mzuri wa kisasa hutumia uniti 3 hadi 4 za umeme kwa kila mita ya ujazo, yaani lita 1,000. Katika miaka ya 1970 mitambo ya utando ilihitaji zaidi ya uniti 10. Upungufu huo ulitokana na tando bora zaidi na vifaa vinavyonasa shinikizo la maji ya chumvi yanayotoka, na kulirudisha kusukuma maji mapya yanayoingia. Hata hivyo upungufu hauwezi kuendelea bila kikomo. Sheria za fizikia zinaonyesha kwamba kutoa nusu ya maji ya bahari yakiwa matamu kunahitaji takriban uniti 1 kwa kila mita ya ujazo, hata kwa mtambo usio na kasoro yoyote. Anayeahidi maji ya bahari yasiyohitaji nishati anaahidi kisichowezekana.

Tukichukua uniti 3.5 kwa Sh20, umeme peke yake ni Sh70 kwa kila mita ya ujazo. Mita moja ya ujazo hujaza mitungi 50 ya lita 20. Kwa hiyo umeme ulio ndani ya mtungi mmoja ni Sh1.40.

Kiasi hicho kinaonekana kidogo, lakini kifananishwe na njia nyingine. Kwa pampu ya kawaida, uniti 3.5 zinaweza kuinua mita moja ya ujazo ya maji zaidi ya mita 900 kwenda juu, takriban mara mbili ya kimo cha Vilima vya Shimba. Ndiyo maana mji wenye mto au chemchemi karibu huanza na mto huo kabla ya kuigeukia bahari.

Pwani inaufahamu mzigo wa umeme kwenye maji. Maji ya chemchemi za Mzima, ambayo bomba lake kutoka Tsavo lilikamilika miaka ya 1950, huteremka kwa mvuto wa ardhi. Maji ya visima vya Baricho, kando ya Mto Sabaki katika Kaunti ya Kilifi, lazima yasukumwe kwa pampu. Si mara moja umeme wa Baricho umekatwa kwa sababu ya deni, na mifereji ikakauka Malindi, Kilifi na Mombasa. Hayo ni maji yasiyohitaji kutolewa chumvi. Taasisi inayotatizika kulipia umeme wa kusukuma maji ya mto itatatizika zaidi kulipia umeme wa kuondoa chumvi.

Mtambo, mkopo na riba

Gharama ya pili haionekani mtu anapoutazama mtambo ukifanya kazi, nayo mara nyingi ni kubwa kuliko umeme. Ni gharama ya fedha zilizoujenga.

Tuseme kila mita ya ujazo ya uwezo wa mtambo kwa siku inagharimu Sh200,000 kujenga, ikiwemo mabomba ya kuvuta maji baharini. Mtambo wa lita milioni 100 kwa siku ungehitaji Sh20 bilioni. Fedha hizo zikikopwa kwa miaka 25, na mtambo ufanye kazi kwa asilimia 90 ya uwezo wake, kila mita ya ujazo ya maji hubeba sehemu yake ya mkopo.

Riba ikiwa asilimia 4, sehemu hiyo ni takriban Sh39. Riba ikiwa asilimia 12, inafika Sh78. Mtambo ni uleule na maji ni yaleyale, ila mkopeshaji ana imani tofauti na mkopaji. Riba ikibaki asilimia 12 na mtambo ufanye kazi kwa nusu tu ya uwezo wake, sehemu ya mkopo hupanda hadi Sh140. Mkopo hulipwa hata pampu ikiwa imezimwa.

Kuna jambo la sarafu pia. Mikopo ya miradi kama hii kwa kawaida huwa ya dola, lakini bili za maji hulipwa kwa shilingi. Mapema mwaka 2024 dola moja ilifika takriban Sh160 kabla ya kushuka tena. Kwa kiwango hicho, ile Sh78 hugeuka Sh96 bila tone moja la maji kuongezeka. Mkataba usiposema ni nani anayebeba tofauti hiyo, mara nyingi mbebaji huwa mteja au mlipa ushuru.

Baada ya umeme na mkopo kuna matumizi ya kila siku: kemikali, mafundi, vipuri, na tando zenyewe ambazo hubadilishwa kila baada ya miaka kadhaa. Tuseme hayo yote ni Sh30. Jumla kwa mfano huu, kwa riba ya asilimia 12, ni Sh70 za umeme, Sh78 za mkopo na Sh30 za uendeshaji. Yaani Sh178 kwa mita ya ujazo, au takriban Sh3.60 kwa mtungi, maji yakiwa bado langoni mwa mtambo.

Mbona Muscat na Dubai wanaweza?

Familia nyingi za Pwani zina jamaa waliofanya kazi Muscat, Dubai au Jeddah, na wote wamekunywa maji ya bahari huko. Mtambo wa Al Ghubrah mjini Muscat ulianza mwaka 1976. Saudi Arabia ndiyo inayoongoza duniani kwa kuzalisha maji ya aina hii. Ni haki kuuliza kwa nini kinachowezekana ng'ambo hiyo ya bahari kisiwezekane huku.

Bei zinaonyesha tofauti. Mwaka 2023, mradi wa Hassyan huko Dubai ulitolewa kwa bei ya takriban senti 37 za dola kwa mita ya ujazo, sawa na Sh48. Nchini Israel, mtambo wa Ashkelon ulioanza mwaka 2005 uliuza kwa takriban senti 52. Lakini mtambo wa Carlsbad, California, uliofunguliwa Desemba 2015 kwa gharama ya takriban dola bilioni 1, uliuza maji yake kwa zaidi ya dola 1.70 kwa mita ya ujazo, au zaidi ya Sh220.

Mitambo hiyo yote mitatu inatumia utando. Bei imetofautiana kwa sababu ya mambo yaliyo nje ya utando. Hassyan ni mradi mkubwa mno, wa zaidi ya lita milioni 800 kwa siku, na ukubwa hupunguza gharama ya kila lita. Umeme wa jua katika jangwa la Ghuba ni wa bei nafuu. Mnunuzi ni taasisi ya serikali yenye fedha, iliyoahidi kununua kwa miaka 30, kwa hiyo mkopeshaji hana wasiwasi na riba huwa ndogo. Aidha, katika nchi nyingi za Ghuba serikali imekuwa ikilipia sehemu ya bili ya mwananchi kwa fedha za mafuta. Jamaa wa Muscat hakuwa akilipa gharama yote ya maji aliyokunywa.

Halafu kuna tofauti iliyo rahisi zaidi: hawana njia nyingine. Hakuna Mto Sabaki nchini Bahrain wala chemchemi ya Mzima huko Kuwait. Mahali ambapo maji ya bahari ndiyo pekee yaliyopo, swali la kama ni ghali halina mpinzani wa kulilinganisha naye.

Ndoo iliyotoboka

Maji yakishatoka kwenye mtambo huingia kwenye mabomba. Ripoti za Bodi ya Kudhibiti Huduma za Maji, WASREB, zimekuwa zikionyesha mwaka baada ya mwaka kwamba zaidi ya asilimia 40 ya maji yanayozalishwa na kampuni za maji nchini hayaleti mapato. Mengine huvuja ardhini, mengine huibwa kwa maunganisho haramu, na mengine hupita kwenye mita mbovu.

Maji yakiwa yametoka chemchemi kwa mvuto wa ardhi, uvujaji ni hasara. Yakiwa yametolewa chumvi, hasara huongezeka kwa sababu kila lita imeshalipiwa umeme na riba. Kwa mfano wetu wa Sh178, ikiwa asilimia 45 hupotea njiani, zile 55 zinazomfikia mteja ndizo zitakazolipia zote. Bei hupanda hadi takriban Sh324 kwa mita ya ujazo, kabla ya gharama za usambazaji. Upotevu ukishushwa hadi asilimia 20, bei ni takriban Sh223. Kuziba mabomba peke yake kumepunguza Sh101, zaidi ya bili yote ya umeme ya mtambo.

Ndiyo sababu wataalamu wengi wa maji hushauri mji uanze na mabomba na mita. Maji yanayookolewa kwa kuziba uvujaji hayahitaji kuvutwa baharini, na yameshalipiwa.

Nani analipa, nani anapata nafuu

Sasa hesabu hii iletwe nyumbani. Tuseme mchuuzi wa mkokoteni anauza mtungi wa lita 20 kwa Sh20. Hiyo ni Sh1,000 kwa mita ya ujazo. Familia inayonunua mitungi mitano kwa siku hutumia Sh100 kila siku, au Sh3,000 kwa mwezi, na hupata lita 100 tu kwa siku, kwa kupika, kunywa, kuoga na kufua.

Familia hiyohiyo ya watu watano ikipata mfereji wenye maji ya bahari kwa Sh324, bei iliyojaa hasara ya uvujaji, ingepata lita 250 kwa siku kwa takriban Sh2,430 kwa mwezi. Maji yangekuwa zaidi ya maradufu na matumizi yangepungua. Kwa familia hii, maji "ghali" ya bahari ni nafuu.

Kwa jirani mwenye mfereji hali ni kinyume. Anayepata maji ya Mzima au Baricho kwa bei iliyoidhinishwa na WASREB anaweza kuchukua bili yake, kugawanya kiasi alicholipa kwa idadi ya mita za ujazo alizotumia, na kulinganisha na Sh324. Yeye anaweza kuona ongezeko.

Kwa kawaida maji ya bahari huchanganywa na maji ya vyanzo vingine, na gharama husambazwa. Kwa mfano, sehemu mbili za maji yanayogharimu Sh40 zikichanganywa na sehemu moja ya Sh178, wastani huwa Sh86. Mchanganyiko hupunguza makali. Hata hivyo nafuu ya familia ya mitungi inategemea jambo moja: bomba lifike kwake, au angalau kioski cha maji kiwe karibu na kiuze kwa bei iliyodhibitiwa. Mtambo ukijengwa na bomba liishie kwenye mitaa ambayo tayari ina mifereji, wenye mifereji wataongezewa bili, na mama wa mitungi mitano ataendelea kumsubiri mchuuzi. Huenda mchuuzi akawa ananunua maji yaleyale ya mtambo na kuyauza kwa Sh20 ileile.

Mvua ikinyesha

Jiji la Melbourne, Australia, lilipitia ukame mrefu mwanzoni mwa karne hii. Serikali ya jimbo la Victoria ikaagiza mtambo mkubwa huko Wonthaggi, wenye uwezo wa lita bilioni 150 kwa mwaka. Ulikamilika Desemba 2012, wakati mvua zilikuwa zimerudi na mabwawa yamejaa. Maji ya kwanza yaliyoagizwa kwa matumizi ya mji yalitolewa mwaka 2017. Kwa miaka yote hiyo ya kusubiri, malipo ya mamia ya mamilioni ya dola za Australia yaliendelea kila mwaka, kwa kuwa mkataba ulitaka mtambo ulipiwe kwa kuwepo kwake, maji yatumike yasitumike.

Wapo wanaosema Melbourne ilipoteza. Wapo pia wanaosema ilinunua bima, na mwenye bima halalamiki kwamba nyumba yake haikuungua. Pande zote mbili zina hoja. Kilicho wazi ni kwamba kifungu kiitwacho "chukua au lipa" ndicho kilichoamua nani abebe hatari ya mvua, na kilimwekea mlipa bili.

Pwani ya Kenya inapaswa kukisoma kifungu kama hicho kwa makini kwa sababu yake yenyewe. Bwawa la Mwache katika Kaunti ya Kwale limepangwa kutoa takriban lita milioni 186 kwa siku. Bwawa hilo likianza kutoa maji yote yaliyopangwa, mahitaji ya maji ya bahari yatabadilika. Kaunti iliyosaini kununua lita milioni 100 kwa siku kwa miaka 25, itake isitake, inaweza kujikuta ikilipia vyanzo viwili kwa wakati mmoja. Kwa upande mwingine, bwawa hutegemea mvua, nayo bahari haitegemei. Kinachofaa ni kupima ukubwa wa mtambo kwa kujua vyanzo vingine vitaleta nini na lini.

Visiwa na visima vya chumvi

Hesabu hubadilika mahali palipo mbali na bomba kubwa. Kiunga, katika Kaunti ya Lamu karibu na mpaka wa Somalia, kumekuwa na mtambo mdogo unaotumia nguvu za jua tangu mwaka 2018, uliojengwa na shirika la GivePower. Mahali kama hapo mpinzani wa maji ya bahari si chemchemi ya Mzima. Ni boti ya kusafirisha mitungi, au kisima cha chumvi kinachowaumiza watu matumbo. Hata maji yanayogharimu mara kadhaa ya yale ya mtambo mkubwa yanaweza kuwa nafuu kwao.

Jua nalo lina hesabu yake. Paneli hazina bili ya kila mwezi, lakini mtambo unaofanya kazi saa 8 za mchana tu husimama saa 16. Mkopo wake hugawanywa kwa maji kidogo, kama ilivyoonekana kwenye mfano wa riba. Betri huongeza saa za kazi, ila nazo zina bei na huchakaa. Swali la msingi kwa mtambo wa kijijini huwa ni nani atakayenunua utando mpya mfadhili akishaondoka. Bei ya mtungi isipokuwa na akiba ya matengenezo ndani yake, mtambo utasimama.

Njia nyingine ya kati ni kuondoa chumvi kwenye maji ya visima vyenye chumvi kiasi. Kisima chenye gramu 5 kwa lita kinahitaji shinikizo dogo kuliko bahari, na umeme unaweza kuwa karibu uniti 1 hadi 2 kwa mita ya ujazo. Tahadhari ni moja: kisima cha pwani kikivutwa kupita kiasi, bahari husogea chini kwa chini na kujaza nafasi. Mwaka baada ya mwaka chumvi huongezeka, na bili ya umeme hufuata.

Kinachorudi baharini

Mtambo ukitoa nusu ya maji, nusu inayobaki huwa na chumvi mara mbili ya bahari, takriban gramu 70 kwa lita, pamoja na mabaki ya kemikali. Utafiti uliochapishwa mwaka 2019 ulikadiria kwamba mitambo karibu 16,000 duniani ilikuwa ikitoa mita za ujazo milioni 95 za maji kwa siku, na kurudisha mita za ujazo milioni 142 za maji ya chumvi kali.

Maji hayo ni mazito, hivyo hutuama chini. Yakimwagwa kwenye kidau kilichotulia, nyasi za baharini na matumbawe huumia, na mazalia ya samaki pia. Dawa yake ni bomba refu linaloyapeleka mahali penye mkondo wa nguvu na kuyatawanya kupitia matundu mengi. Bomba hilo linagharimu fedha, na ndilo huwa la kwanza kufupishwa mradi ukibanwa na bajeti. Ripoti ya athari kwa mazingira inayowasilishwa kwa NEMA inapaswa kuonyesha urefu wake na mahali linapoishia, na wavuvi wa eneo hilo wana haki ya kuulizwa.

Usafi wa bahari unaathiri mtambo vilevile. Kati ya mwaka 2008 na 2009, mwani mwekundu ulienea katika maji ya Oman na Ghuba na kulazimisha baadhi ya mitambo kusimama. Majitaka ya mji yakiingia kwenye vidau karibu na bomba la kuvutia maji, gharama za kuyachuja kabla ya utando hupanda. Mji unaotaka kunywa bahari yake hauna budi kuacha kuichafua.

Maswali ya kwenda nayo kikaoni

Mradi wa kuondoa chumvi ukifikishwa kwa wakazi, iwe mkubwa au mdogo, maswali haya yanafaa kuulizwa na kuandikwa kwenye kumbukumbu za kikao:

1. Mtambo utatumia uniti ngapi za umeme kwa kila mita ya ujazo, na bei ya umeme ikipanda nani atalipa nyongeza?

2. Mkopo ni wa sarafu gani, riba ni kiasi gani, na shilingi ikishuka mzigo ni wa nani?

3. Je, kuna kifungu cha "chukua au lipa"? Ikiwa kipo, ni kwa kiasi gani cha maji, na kwa miaka mingapi?

4. Kiwango cha maji yanayopotea kwa sasa ni asilimia ngapi, na mradi umetenga fedha kiasi gani za mabomba na mita?

5. Ni mitaa ipi isiyo na mifereji leo itakayofikiwa, na mtungi utauzwa kwa bei gani kwenye kioski?

6. Maji ya chumvi kali yatamwagwa wapi, na nani atapima hali ya bahari baada ya mtambo kuanza?

7. Mkataba ukiisha, mtambo utabaki kwa nani, na katika hali gani?

Mkazi asiyeridhika na maelezo ya mdomo anaweza kuomba nyaraka. Sheria ya Kupata Habari ya mwaka 2016 inampa kila raia wa Kenya haki ya kuomba habari zilizo mikononi mwa taasisi ya umma, na afisa anayehusika anatakiwa kutoa uamuzi ndani ya siku 21. Ombi linaweza kuwa la Kiswahili au Kiingereza, na halihitaji sababu. La kwanza la kuomba ni jedwali la bei ya maji ndani ya mkataba, mwaka kwa mwaka. Pale ndipo umeme, riba, dola na uvujaji huonekana vyote kwa pamoja, na mtu anaweza kugawanya kwa 50 akajua mtungi wake utakuwa wa shilingi ngapi.